Habari za siasa: shirika la habari, chombo cha umma, gazeti lenye mrengo au televisheni ya mijadala?

Mwamba ngoma huvutia kwake, na sijakutana na msomaji makini anayedhani waandishi wa habari ni tofauti. Ubishi uko kwingine: nani anavuta zaidi, anavutia wapi, na msomaji wa kawaida afanye nini asije akavutwa bila kujua. Wengi huanza kwa kutafuta chombo kisichoegemea upande wowote. Naona utafutaji huo haufiki popote, na sababu ilionekana zamani.

Mwaka 1985 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper, walichapisha matokeo ya jaribio lisilo na makuu. Waliwaonyesha wanafunzi taarifa za televisheni za Marekani kuhusu mauaji ya mwaka 1982 katika kambi za wakimbizi wa Kipalestina za Sabra na Shatila, Beirut. Walioiunga mkono Israeli walisema taarifa zile zimeichafua Israeli. Waliowaunga mkono Waarabu walisema zimeisafisha. Picha zilikuwa zilezile na maneno yaleyale. Kila upande ulitoka ukiamini kwamba mtu asiye na msimamo akizitazama, atawachukia wao.

Jaribio hilo linamgusa msomaji: hasira unayoipata mbele ya taarifa haipimi upendeleo wa taarifa yenyewe. Linamgusa na mhariri pia, kwa sababu ile kauli inayopendwa sana kwenye vyumba vya habari, kwamba "pande zote mbili zinatulalamikia, kwa hiyo tumeweka mizania", haithibitishi lolote. Hata chombo kinachopendelea waziwazi hulalamikiwa na wote, maana anayependelewa naye huona amepunjwa.

Kwa hiyo nalinganisha kwa kipimo kingine. Kwa kila aina ya chombo nauliza: kikikosea, nani anakiumiza, na kwa kosa lipi? Kipo chombo kinachoadhibiwa kwa kuandika uongo, na kipo kinachoadhibiwa kwa kuwaudhi mashabiki wake. Vyote viwili vyaweza kuwa na mrengo, lakini havistahili kuaminiwa kwa kiwango kimoja.

Mashirika ya habari

AP (Associated Press) ilianza New York mwaka 1846, magazeti yalipoungana kugawana gharama za kuleta habari za vita kati ya Marekani na Mexico. Paul Julius Reuter alifungua ofisi yake London mwaka 1851. AFP ya Ufaransa ina chimbuko katika shirika la Havas la mwaka 1835, na jina la sasa ililipata mwaka 1944. Kazi yao kubwa ni kuwauzia habari wenzao, na soko hilo ndilo linalowabana. Taarifa moja hununuliwa na gazeti la kihafidhina na gazeti la kijamaa siku hiyohiyo. Mteja akihisi ameuziwa kampeni ya mpinzani wake, anaacha kulipa. Ndiyo maana habari za mashirika haya ni kavu: nani, wapi, lini, wangapi, kwa mujibu wa nani.

Kuna na kinga za kisheria. Misingi ya Reuters iliyowekwa mwaka 1941, vita vikiendelea, inakataza shirika kuangukia mikononi mwa kundi au maslahi yoyote, na ilidumu hata baada ya kampuni ya Thomson kulinunua mwaka 2008. AFP ina sheria yake ya mwaka 1957 inayozuia kumilikiwa au kuendeshwa na kundi la kisiasa, kiitikadi au kiuchumi, ingawa serikali ya Ufaransa hulilipa fedha nyingi.

Haya yote hayamaanishi kwamba mashirika hayaegemei. Yanaegemea kwa wenye vyeo. Mwandishi wa shirika anashindana na mwenzake kwa dakika, kwa hiyo anayesikika kwanza ni mwenye msemaji na taarifa iliyokwisha kuchapwa. Waziri akisema jambo, limekuwa habari kabla hajashuka jukwaani. Wanaoathirika na jambo hilo husubiri makala ya uchambuzi ya wiki ijayo, kama itaandikwa.

Halafu kuna majina. Reuters huepuka kumwita mtu gaidi kwa kauli yake yenyewe; hulitumia neno hilo likiwa mdomoni mwa aliyelisema. Wengine wanaona huo ni weledi, wengine wanaona ni woga. Aprili 2013 AP iliwaambia waandishi wake waache kumwita mtu "mhamiaji haramu". Kitendo chaweza kuwa haramu, mtu hapana. Wahafidhina wengi waliona shirika limehamia kushoto. Mwaka 2025 rais Donald Trump alipoamuru Ghuba ya Mexico iitwe Ghuba ya Marekani, AP ilisema itaendelea na jina la zamani huku ikilitaja jipya, kwa kuwa wateja wake wako dunia nzima. Ikulu ikawazuia waandishi wake kuingia kwenye baadhi ya matukio ya rais, na AP ikaenda mahakamani. Tazama mantiki ya AP katika kisa hiki: haikusema jina lipi ni la haki, ilisema wateja wake ni akina nani. Hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo mipaka yake.

Kosa linaloliumiza shirika ni kosa la ukweli: idadi, jina, tarehe, mtu aliyetangazwa kafa naye yu hai. Marekebisho hutumwa kwa wateja wote, kwa aibu ya wazi. Kwa swali la "nini kimetokea", sijaona mbadala bora.

Vyombo vya umma

Hapa mfano unaotajwa kila mara ni BBC, na unastahili kutajwa kwa sifa na kwa lawama. Huendeshwa kwa mkataba wa kifalme na ada ya leseni inayolipwa na kaya (ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025). Sheria inaitaka habari yake isipendelee upande, na tangu 2017 msimamizi wake ni Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza.

Dosari yake ilionekana ikiwa bado changa. Katika mgomo mkuu wa mwaka 1926 serikali ya Uingereza ilijadili kuitwaa, ikaiacha. Lakini John Reith, aliyekuwa akiiongoza, hakumruhusu kiongozi wa Labour, Ramsay MacDonald, kusema hewani, na akaandika kwenye shajara yake kwamba serikali ilijua inaweza kuwaamini kwamba hawatakuwa wasiopendelea upande kikwelikweli. Watu huisoma sentensi hiyo kama siri iliyofichuka. Mimi naiona kama maelezo ya kazi: chombo cha umma hakiogopi chama kimoja, kinaogopa dola.

Hata hivyo kikikosea, kinaumia. Januari 2004, baada ya ripoti ya jaji Hutton kuilaumu BBC kwa taarifa yake kuhusu ushahidi wa silaha za Iraq, mwenyekiti Gavyn Davies na mkurugenzi mkuu Greg Dyke walijiuzulu. Novemba 2025 mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness nao walijiuzulu, baada ya kubainika kuwa kipindi cha Panorama kilikuwa kimeunganisha vipande viwili vya hotuba ya Trump ya tarehe 6 Januari 2021 vilivyotamkwa kwa kupishana kwa takriban saa nzima, vikasikika kama kauli moja. Wapo wanaovitaja visa hivi kuthibitisha kwamba BBC imeoza. Nauliza tu: ni vituo vingapi vya binafsi ambavyo wakuu wake wameondoka kwa kosa la uhariri wa kipindi kimoja?

Ugonjwa halisi wa vyombo vya umma ni mizania ya uongo. Sheria inapokutaka uwape wote nafasi, njia rahisi ni kumweka mwanasayansi upande huu na mpinga sayansi upande ule, mtangazaji akakaa katikati kama mwamuzi wa ndondi. Kwa miaka BBC ilifanya hivyo kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2018 iliwaandikia wahariri wake kwamba mara nyingi ilikuwa imekosea, na kwamba kuweka mizania hakulazimishi kumwalika anayekana jambo lililokwisha thibitishwa. Katika mambo ya kodi, uhamiaji au vita, ambako hakuna thibitisho la kisayansi la kukata shauri, tabia hiyo bado ipo: dakika mbili huyu, dakika mbili yule, na msikilizaji anabaki bila kujua nani kati yao ametaja takwimu ya kweli.

Kabla hujakiamini chombo cha umma cha nchi yoyote, angalia nani anaketi kwenye bodi. Italia iliwahi kuligeuza shirika lake la Rai kuwa mali ya kugawana: kituo cha kwanza kikawa cha Wakristo wa Demokrasia, cha pili cha Wasoshalisti, cha tatu cha Wakomunisti. Ujerumani Mahakama ya Katiba iliamua Machi 2014 kwamba kwenye vyombo vinavyoisimamia televisheni ya umma ya ZDF wanasiasa na watu wa dola wasizidi theluthi moja. Na angalia nani ameshika mfuko. Ada ya Ujerumani, euro 18.36 kwa mwezi, hupendekezwa na tume huru, kwa hiyo ni vigumu kuikata kwa hasira. Marekani, Bunge lilifuta kwa kura mwaka 2025 dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa redio na televisheni za umma.

Magazeti yenye mrengo

Haya ndiyo ninayoyatetea kuliko wengi wanavyotarajia. The Guardian ni la mrengo wa kushoto na The Daily Telegraph ni la kulia, na hakuna msomaji wa Uingereza anayehitaji kuambiwa. Gazeti la The Sun lilijigamba kwenye ukurasa wa mbele mwaka 1992 kwamba ndilo lililowapa Wahafidhina ushindi, kisha mwaka 1997 likamuunga mkono Tony Blair wa Labour. Unaweza kuchukia tabia hiyo, lakini huwezi kusema ulifichwa.

Mrengo ukiwa wazi, unaweza kuupunguza kichwani unaposoma. Na mrengo una faida moja ambayo mashirika hayana: hamu ya kuchimba. Kashfa ya News of the World, gazeti la Rupert Murdoch lililodukua simu za watu, ilifukuliwa na The Guardian, na mwaka 2011 News of the World likafungwa. Lakini usidhani wachimbaji huchimba kwa jirani tu. Mwaka 2009 lililotoa hadharani matumizi ya aibu ya wabunge wa Uingereza lilikuwa Telegraph, na waliochomwa walitoka vyama vyote, Wahafidhina wakiwamo.

C. P. Scott, mhariri wa gazeti lililokuja kuitwa The Guardian, aliandika mwaka 1921 kwamba maoni ni huru lakini ukweli ni mtakatifu. Kipimo cha gazeti lenye mrengo ni hicho hasa: je, kuna ukuta kati ya tahariri na habari? The Wall Street Journal ni mfano mzuri. Kurasa zake za maoni ni za kihafidhina bila kificho, na habari zake husomwa na kuaminiwa hata na wanaozidharau kurasa hizo. Mtu anayelihukumu kwa tahariri pekee anajinyima habari nzuri.

Sasa adhabu. Hapa mambo yanageuka. Watu hupenda kumlaumu mmiliki, na wakati mwingine ni haki. Ila wachumi Matthew Gentzkow na Jesse Shapiro, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walichunguza lugha ya magazeti ya kila siku ya Marekani wakailinganisha na lugha ya wabunge wa vyama viwili. Walitazama, kwa mfano, ni gazeti lipi linaandika "kodi ya kifo", msemo wa Warepublican, na lipi linaandika "kodi ya mirathi". Mwelekeo wa gazeti ulifuata mwelekeo wa wasomaji wa eneo lake. Utambulisho wa mmiliki ulieleza kidogo sana.

Oktoba 2024 ilionyesha jambo hilo kwa sura nyingine. The Washington Post, lenye mmiliki Jeff Bezos, lilitangaza kwamba halitamuunga mkono mgombea yeyote wa urais. Ndani ya siku chache wasomaji zaidi ya 250,000 walijitoa. Naelewa hasira yao, na kuna maswali ya haki kuhusu maslahi ya mmiliki tajiri siku chache kabla ya uchaguzi. Lakini walioadhibiwa kwa vitendo ni waandishi ambao habari zao hazikuwa na kosa. Msomaji wa gazeti lenye mrengo ni hakimu mkali, ila mara nyingi anahukumu usaliti, hahukumu uongo.

Televisheni za mijadala

Hukumu hiyo ya mashabiki ukiiongezea picha, saa 24 na mishahara minono, unapata televisheni ya kebo ya Marekani.

Kwanza niondoe dhana moja inayorudiwa mno. Inasemwa kwamba Fox News, kituo cha mrengo wa kulia, ilizaliwa kwa sababu Marekani ilifuta kanuni yake ya usawa, ile iliyovitaka vituo kutoa maoni yanayopingana. Kanuni hiyo ilikuwapo tangu 1949, Mahakama Kuu iliithibitisha mwaka 1969, na ilifutwa 1987. Lakini iliwahusu wenye leseni za masafa ya hewani, haikuihusu kebo. Kufutwa kwake kulifungulia mlango redio. Rush Limbaugh, mtangazaji wa kihafidhina, alianza kusikika nchi nzima mwaka 1988. Fox News na MSNBC, zote za mwaka 1996, zingeweza kuzaliwa kanuni ikiwapo.

Nguvu ya vituo hivi si ya kubuni. Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan walitumia bahati ya Fox kuingia miji mingine mapema na mingine kuchelewa, wakakadiria mwaka 2007 kwamba kati ya uchaguzi wa 1996 na wa 2000 iliongeza sehemu ya kura za Warepublican kwa pointi za asilimia 0.4 hadi 0.7 katika miji iliyoipata. Ni kidogo, mpaka ukumbuke kwamba Florida mwaka 2000 iliamuliwa kwa kura 537.

Lakini kisa kinachofaa kusomwa na kila mtu anayejiuliza atazame nini ni cha usiku wa tarehe 3 Novemba 2020. Fox ilitangaza kabla ya wenzake kwamba Joe Biden ameshinda Arizona. Ilikuwa kweli. Watazamaji walighadhibika, wengine wakahamia Newsmax, kituo kingine cha kulia, na ndani ya kampuni kukaingia hofu. Wiki zilizofuata madai ya kwamba mashine za kupigia kura za kampuni ya Dominion zimeiba kura yalipewa nafasi hewani. Nyaraka za mahakama zilizotolewa mapema 2023 zilionyesha watangazaji wakubwa wa kituo wakiandikiana faraghani kwamba hawayaamini madai hayo, na wakilalamika kuhusu mwandishi mwenzao aliyethubutu kuyakanusha. Aprili 2023 Fox ilikubali kuilipa Dominion dola milioni 787.5.

Kwa hiyo ilipata adhabu mbili. Ya kwanza ilikuja papo hapo, kutoka kwa watazamaji, kwa kusema kweli. Ya pili ilikuja baada ya zaidi ya miaka miwili, kutoka mahakamani, kwa uongo, na ilikuja kwa sababu tu aliyesingiziwa alikuwa kampuni yenye mawakili. Ukisingizia kundi lisilo na mawakili, sera, au chama kizima, hakuna atakayekushtaki.

Upande wa kushoto usicheke sana. Mwaka huohuo wa 2020 majaji wawili walitupa kesi mbili za kashfa, moja dhidi ya Rachel Maddow wa MSNBC (kituo kinachoitwa MS NOW tangu Novemba 2025) na nyingine iliyotokana na kauli za Tucker Carlson wa Fox. Hoja iliyokubaliwa ilifanana: mtazamaji mwenye akili timamu anajua kwamba hayo ni maoni na kutia chumvi. Mawakili wa vituo vyenyewe ndio waliosema. Ningemshauri mtu awachukulie hivyohivyo.

Je, kutazama kituo cha upande wa pili kunasaidia? Septemba 2020 David Broockman na Joshua Kalla waliwalipa watazamaji wa Fox dola 15 kwa saa watazame CNN. Walijifunza mambo ambayo kituo chao hakikuyagusa, hasa kuhusu korona, na baadhi ya misimamo yao ikalegea. Malipo yalipokwisha, wengi walirudi Fox na mabadiliko yakafifia. Inasaidia, basi, ila ni kama dawa inayotakiwa kumezwa kila siku, na ni wachache watakaoimeza bila kulipwa.

Vyombo vya serikali

Sitakaa hapa sana. Xinhua ya China ni chombo cha dola chenye hadhi ya wizara, na RT hugharimiwa na serikali ya Urusi. Kosa linaloviumiza ni kuikosea serikali. Visome ukitaka kujua serikali hiyo inataka uamini nini wiki hii, na kwa kazi hiyo vinafaa kweli. Al Jazeera, iliyoanzishwa 1996 kwa fedha za Qatar, ni mseto: mbali na nyumbani imefanya kazi ya maana, lakini usiitegemee ikueleze siasa za Qatar yenyewe.

Habari moja, mikono mitano

Chukua tukio la kubuni: serikali ya nchi fulani imepandisha kodi ya petroli. Shirika la habari litaandika: "Serikali imepandisha kodi ya petroli kwa asilimia tano kuanzia Julai, waziri wa fedha alisema Jumatano." Chombo cha umma: "Kodi ya petroli yapanda, upinzani wasema masikini wataumia, waziri akanusha." Gazeti la kushoto: "Wafanyakazi watwishwa mzigo huku kampuni kubwa zikisamehewa kodi." La kulia: "Serikali isiyojua kubana matumizi yawageukia madereva." Televisheni ya mijadala: "Je, waziri huyu bado anafaa?"

Hakuna aliyedanganya. Upendeleo mwingi wa kisiasa hukaa katika uchaguzi wa kipi kitajwe na kipi kiachwe, ndiyo maana kumkamata mwandishi kwa uongo ni nadra. Tazama pia nani amekupa kitu kipya. Shirika limekupa kiwango na tarehe, hakuna mwingine aliyekupa. Gazeti la kushoto limekupa habari ya msamaha wa kodi, la kulia limegusia matumizi. Kila moja limekuachia uzi wa kuufuata. Chombo cha umma kimekuachia ubishi usioamuliwa. Televisheni haikukupa chochote ambacho hukuwa nacho.

Na zile chati za kupima upendeleo?

AllSides, iliyoanza 2012, huvipanga vyombo kutoka kushoto hadi kulia kwa kutumia, pamoja na mengine, watu wa mirengo tofauti wanaosoma habari bila kuona jina la chombo. Ad Fontes, iliyotokana na chati ya Vanessa Otero ya mwaka 2016, huongeza mhimili wa pili wa kuaminika. Kati ya hizo mbili nachagua ya pili, kwa sababu hiyo ya mhimili. AllSides wenyewe husema kuwa katikati hakumaanishi kuwa bora au sahihi, lakini watumiaji wengi huisoma rangi ya katikati kama muhuri wa ukweli.

Chati hizi zimepimwa kwa siasa za Marekani. Msimamo wa kuitaka serikali ilipie matibabu ya wote unakaa kushoto Marekani. Uingereza hata Wahafidhina husema wanautetea. Katikati ya nchi moja ni pembeni ya nyingine. Pia chati hupima habari zilizoandikwa, haiwezi kupima zilizoachwa. Maxwell McCombs na Donald Shaw, waliowahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill ambao hawakuwa wameamua katika uchaguzi wa 1968 na kuchapisha matokeo mwaka 1972, walionyesha kwamba mambo waliyoyaona wapiga kura kuwa makubwa yalilingana kwa karibu na yale vyombo vya habari viliyoyapa nafasi. Chombo kinaweza kuandika kila sentensi kwa usawa kamili, kikawa kimeegemea kwa kuandika uhalifu kila siku na ajira mara moja kwa mwezi.

Uchague kipi

Ukiwa na dakika chache kwa siku, soma shirika moja la habari moja kwa moja. AP husomeka bure. Utakosa rangi na utani, lakini hutakosa tukio.

Ukiwa na muda zaidi na kuna uchaguzi unakuja, ongeza magazeti mawili yenye mirengo inayopingana, na uyachague yale yanayochapisha marekebisho mahali yanapoonekana. Lisome la upande usioupenda kwanza, ungali na utulivu. Ukilisoma la pili utalisoma kwa kutafuta makosa. Ruka tahariri zake ukishindwa kuzivumilia. Unachokitafuta pale ni habari ambayo gazeti lako halikuitaja kabisa.

Chombo cha umma kifae kwa usiku wa matokeo, majanga na hotuba nzima zisizokatwa, pamoja na vipindi virefu. Kwenye midahalo yake, mtangazaji akiruhusu takwimu mbili zinazopingana zipite bila kuuliza, nenda kazitafute mwenyewe kwenye ripoti ya asili.

Televisheni ya mijadala sijaipata kazi, ukiacha burudani. Kama huwezi kuiacha, angalia saa: vipindi vya habari vya mchana vya vituo hivi vina waandishi wa kweli, na ni jioni ndipo mashabiki wanapohudumiwa. Na kipande cha video cha sekunde 30 kikikufikia kwenye simu kikiwa kimekwisha kukatwa, kitafute kizima kabla hujakituma kwa mwingine, hata kama kimetoka kwenye chombo unachokiamini. Kile cha Panorama nacho kilitoka kwenye chombo kilichoaminiwa.